Redio Inayozima Ukipandisha Sauti

Redio ya Twaha ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Ukiiwasha kwa sauti ndogo inaimba siku nzima bila taabu. Ukipandisha sauti, au ukishika maiki uzungumze, inazima, inakaa kimya kidogo, kisha inawaka upya na vitaa vyake vya rangi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikuwa nimehangaika nayo siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi, mama yangu akapotea, na redio hiyo hiyo ndiyo tukawa tunaitegemea kumtafuta.

Twaha ni mfanyabiashara kutoka Tunduru. Msimu wa korosho anauza korosho, msimu ukiisha anauza chochote. Mwaka huu alinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, iliyokwisha kutumika, imepigwa rangi nyeupe upya inang'aa, akataka kuifanya gari la matangazo. Akanunua redio mpya, amplifaya, na honi mbili za kufunga juu ya paa, akaniletea mimi kwa sababu nimekaa miaka kumi na tisa hapa Msamala, Songea, nikifunga redio za magari. Nikamwambia, kesho jioni njoo uchukue. Ndivyo ninavyowaambia wote, na wengi wao kwa kweli huchukua kesho jioni.

Saa saba mchana jirani yetu Suzana alikuja karakana mbio, kandambili mkononi.

"Baba Edwin, mama yuko huku kwako?"

"Huku afuate nini?"

"Basi hayupo. Nimeingia nimpe uji, kitanda kitupu. Nimezunguka nyumba yote, mpaka chooni."

Mama yangu, Kunegunda, ana miaka sabini na minane. Tulimleta mjini kutoka Maposeni baada ya baba kufariki, na tangu mwaka juzi akili yake imekuwa ikimtoka kidogo kidogo. Anajua majina ya watu waliokufa zamani, hajui la mjukuu wake. Kila siku anauliza mahindi yake yanavunwa na nani. Mke wangu Leticia alikuwa ametoka saa kumi usiku kufuata mzigo wa mahindi, kwa hiyo asubuhi ile zamu ya kumwangalia ilikuwa yangu, hadi Suzana amalize kufua aje akae naye.

Waliniuliza wote swali lile lile: Suzana, mwenyekiti wa mtaa, askari wa zamu pale kituoni. Umemwacha saa ngapi? Niliwajibu wote kwamba nilimwacha saa moja, bado amelala. Hesabu zote zikaanzia hapo. Bibi wa umri ule, kuanzia saa moja, kwa miguu, atakuwa amefika wapi? Vijana wa bodaboda wakaenda barabara ya Peramiho, ile ya kwenda Maposeni, hadi walipoona bibi hawezi kuwa amevuka, wakarudi nyuma wakiuliza kila kibanda nani amepita kuanzia saa moja. Wengine wakaenda stendi. Hakuna aliyemwona. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakagawana mitaa.

Kilichotutia hofu ni baridi. Ilikuwa Julai, na Songea ya Julai jua likishaingia si mahali pa kumwacha mzee nje. Mwenyekiti akasema linahitajika gari la matangazo, lipite mitaa yote, hadi watu walioko ndani ya nyua zao na mashambani wasikie. Gari la mjini lililozoeleka lilikuwa limekwenda Namtumbo kutangaza mechi. Kipaza sauti cha mtaa kilikuwa kimeharibika tangu uchaguzi. Redio ya hapa mjini walipokea tangazo wakasema litasomwa jioni kwenye salamu. Jioni ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia.

"Fundi," akasema Twaha, aliyekuwa pale karakana akingoja gari lake, "si ipo kirikuu? Itengeneze tu tuondoke. Mimi naendesha, wewe unatangaza. Mama ni wetu sote."

Nikarudi kwenye gari. Nikapima betri kwa mita: volti kumi na mbili na nusu. Nikawasha injini, ikapanda hadi kumi na nne, yaani betri nzima na chaji nzima. Nikatoa fyuzi, nzima. Nikaitupa hata hivyo, nikaweka mpya. Nikaenda nyuma ya redio. Waya wa njano, ule unaotoka moja kwa moja kwenye betri: kumi na nne. Waya mwekundu, ule wa swichi: kumi na nne. Nikamwambia Twaha apandishe sauti huku nimeshikilia mita. Redio ikazima mbele ya macho yangu, na mita ikabaki pale pale, kumi na nne.

Hapo ndipo unapotaka kulia. Mtu ana njaa, chakula kiko mezani, na anakufa.

Nikavuta waya mpya mnene kutoka betri. Ikazima. Nikaondoa amplifaya, nikarudisha. Ikazima. Nikabadili nyaya za honi. Ikazima. Nikaanza kumtukana aliyemuuzia Twaha redio, kwamba ni feki, kwamba watu wa Tunduru wanauziwa takataka kwa sababu wanapenda vitaa vya rangi. Twaha alikuwa amekaa kwenye usukani anatazama barabarani, midomo inacheza, anaomba.

Saa tisa na nusu simu ikalia. Bibi ameonekana karibu na makaburi. Nikatoka chini ya dashibodi. Dakika tano baadaye ikalia tena: si yeye, ni bibi mwingine, anapalilia kaburi la mumewe. Nikarudi chini ya dashibodi. Nilikuwa naona nyaya mbili mbili.

"Fundi, samahani," Twaha akasema. "Tukimwita Ramson?"

"Ramson gani? Yule mchoma magari ya watu?"

Ramson nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui kushika bisibisi, akakaa miaka minne, halafu akaenda kufungua yake karibu na stendi bila hata kuniaga vizuri. Wateja wakamfuata. Mimi nikaanza kusema kwamba ameunguza gari la mwalimu fulani. Hakuwa ameunguza gari la mtu yeyote. Tulikuwa hatujasalimiana miaka miwili.

"Niachie dakika kumi," nikasema. "Nimeshaliona tatizo."

Sikuwa nimeona kitu. Nilisema hivyo saa kumi kasoro, nikasema tena saa kumi na robo.

Saa kumi na nusu Leticia akafika kwa miguu. Alikuwa ameshuka kwenye gari la mahindi akaunganisha moja kwa moja kutafuta, vumbi limempanda hadi magotini. Akatazama nyaya zilizozagaa chini, akanitazama mimi.

"Baba Edwin, redio bado?"

"Karibu."

"Twaha ameniambia kwenye simu yupo fundi mwingine na wewe hutaki aitwe."

"Si kwamba sitaki..."

"Mama yako yuko nje, jua linashuka, na wewe unaona aibu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mpigie. Mpigie sasa hivi nikiwa nimesimama hapa."

Nikapiga. Ilipokelewa mara moja. Nikasema, "Ramson, ni mimi Anselmo, mama yangu amepotea." Akasema, "Nimesikia, kaka. Nilikuwa nangoja labda utapiga." Kisha nikasikia anaita bodaboda.

Leticia hakungoja kumwona. Alifunga khanga yake kiunoni akaenda kuwafuata wenzake.

Ramson alifika na mkoba mdogo tu. Hakucheka, hakutazama karakana yangu jinsi ilivyochakaa tangu aondoke. Akaniuliza nimepima nini na nini. Nikamwambia vyote, na nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ule mguu mweusi wa mita ulikuwa umeuweka wapi muda wote huo?"

"Kwenye hasi ya betri. Pengine niuweke wapi?"

Akachukua mita. Mguu mmoja akaugusisha kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bati la redio lenyewe, mahali ambapo palitakiwa pasome sifuri. "Pandisha sauti," akamwambia Twaha. Redio ikazima, na mita ikaruka hadi sita.

Nilielewa kabla hajasema. Siku nne nilikuwa napima umeme unavyoingia, na unaingia vizuri. Sikupima unavyorudi. Waya mweusi wa redio, ule wa kurudisha umeme kwenye betri, nilikuwa nimeufunga kwa bolti kwenye bodi la gari chini ya dashibodi, na bodi lilikuwa limepigwa rangi upya, nene. Waya ulikuwa umekaa juu ya rangi, nayo haipitishi umeme. Umeme mdogo ulijipenyeza kupitia nyuzi za bolti, mwingi ukakwama. Ni kosa la wiki ya kwanza. Ni kosa ambalo nilimpiga Ramson kibao cha kichwa kwa sababu yake, mwaka ule alipoanza kazi.

Akafungua bolti, akakwangua rangi kwa kisu hadi chuma kikawa cheupe, akafunga, akakaza. Dakika saba. Twaha akapandisha sauti hadi mwisho, na kaswida ikalipuka juu ya paa, kuku wote wa jirani wakatawanyika. Haikuzima.

"Alhamdulillahi," Twaha akasema, akaizima kaswida haraka.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Nilitaka kumshukuru Ramson, nikazoa bisibisi zangu badala yake. Yeye alikuwa tayari amepanda nyuma na bisibisi yake, amekaa karibu na amplifaya endapo lolote litatokea. Nikaingia mbele, nikashika maiki.

Tulianzia pale karakana tukashuka polepole. Nimesikia matangazo ya waliopotea maisha yangu yote, nayajua yanavyokwenda, sikuhitaji karatasi. Unataja jina, umri, umbo, mahali, saa, mavazi, na mwisho unasema aripoti wapi atakayemwona. Watu walitoka kwenye milango. Sauti yangu ilikuwa kubwa sana, sikuitambua.

"Tangazo, tangazo. Ndugu wananchi wa Msamala, tunawatangazia kwamba amepotea mama mzee anayeitwa Kunegunda, mwenye umri wa miaka sabini na minane. Ni mwembamba, mrefu wa wastani, ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Ameondoka nyumbani kwake hapa Msamala leo asubuhi kuanzia saa moja. Alikuwa amevaa..."

Nikanyamaza.

Mchana kutwa hakuna aliyeniuliza amevaa nini. Waliokuwa wanamtafuta wanamjua kwa sura, askari aliandika jina na namba ya simu akasema atapiga, na redio nao walichukua jina na umri tu. Nguo ni kwa ajili ya wasiomjua. Nikatafuta kichwani: lile sweta la kijani? Kitenge cha kanisani? Nikaipitia asubuhi yote ile nikimtafuta mama ndani yake, na hakuwemo. Nilichokiona ni mlango wa chumba chake umefungwa. Nilipita mbele yake saa moja nikiwa na viatu mkononi, nisimwamshe, kwa sababu akiamka ataanza kuuliza mahindi, na mimi nina haraka ya kuja kushindana na redio. Nilisikia kimya mle ndani, na niseme ukweli, nilifurahi. Komeo la mlango wa nje nililikuta limefunguliwa. Nikadhani ni Leticia, maana alitoka alfajiri na hawezi kulifunga akiwa nje. Basi. Hiyo ndiyo saa moja niliyowapa watu wote.

Twaha akakanyaga breki. Nyuma, Ramson akainama kwenye nyaya.

"Imekata?" akauliza.

"Haijakata," nikasema, na jibu likatoka kwenye honi zote mbili, likaenda hadi ng'ambo ya barabara. Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza maiki. Nadhani ningeweza kukiondoa. "Sijui amevaa nini. Sikumwona leo. Sikufungua mlango wake."

Mbele ya duka la Saimon wanawake wa jumuiya walikuwa wamesimama kupumzika, na Leticia alikuwa katikati yao. Alikuja hadi kwenye dirisha la gari. Nilitaka anitukane.

"Kwa hiyo saa moja hujui kama alikuwa ndani?"

"Sijui," nikasema.

"Mimi nilipotoka saa kumi sikumchungulia," akasema. "Nilijua wewe upo."

Nyuma yake vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameanza kuhesabu kwa vidole, saa kumi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Barabara yote ya Peramiho walikuwa wameiuliza vibaya. Waligeuka kurudi pale ambapo mtu aliyetoka saa moja angekuwa amechoka, na walikuwa wamemwuliza kila mtu habari za kuanzia saa moja. Mmoja akavaa kofia yake ngumu akawasha pikipiki bila kuaga. Twaha akaniwekea mkono begani.

"Rudia, fundi," akasema taratibu. "Rekebisha, waanze upya. Bado kuna mwanga kidogo."

Nikabonyeza maiki. Leticia alisimama pale pale dirishani akisikiliza. Nikaanza mwanzo kabisa, tangazo, tangazo, jina lake, umri wake, kovu lake. Nikasema ameondoka nyumbani saa isiyojulikana, akiwa amevaa nguo zisizojulikana. Tulizunguka Msamala yote mpaka giza likaingia, nikirudia maneno hayo, na redio haikuzima hata mara moja.