Mapigo Thelathini na Nane

Nilifundisha michezo shuleni miaka ishirini na minane, na kama kuna kitu nilichojivunia kuliko kipenga changu, ni vidole hivi viwili. Nipe mkono wa mkimbiaji kabla hajainuka kitandani, nitakwambia kama mwaka huu atashinda au atawasindikiza wenzake. Moyo uliozoea mazoezi una nguvu. Pigo lake moja linafanya kazi ya mawili, kwa hiyo mwenyewe akipumzika unapiga polepole. Hilo ni kweli, sikumdanganya mtu. Shida ni kwamba nililijua hilo moja tu, nikajiona profesa.

Nyumbani kwangu sheria ilikuwa hii: alfajiri hakuna kuongea, hakuna kuketi, hakuna hata kwenda chooni, mpaka Baba apime. Naingia chumbani kwa watoto na saa yangu, naweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mwanangu mkubwa, nahesabu dakika nzima, kisha naandika kwa chaki nyuma ya mlango. Sitini. Hamsini na mbili. Arobaini na tano. Mama yao alikuwa akilalamika kwamba naamsha watoto wake kama wafungwa. Kijana alipofika arobaini tukamtania kwa kumwita Kobe, na jina likamganda. Hata walimu wenzangu walimwita hivyo, nami nikavimba kichwa.

Thelathini na nane aliifikia wiki ya mashindano. Nilikuwa bado nimeshika chaki aliponiambia, "Baba, jana nikipanda ngazi za shule niliona giza."

Nikacheka. "Hiyo ndiyo fiti yenyewe! Moyo umetulia, mwili bado haujauzoea."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Kobe alinitazama kidogo, kama anayengoja niongeze neno, kisha akaenda kutafuta soksi zake. Siku ya tatu alianguka bafuni akipiga mswaki. Nilipomshika mkono hapakuwa na cha kuhesabu. Baadaye tukaambiwa moyo wake haukuwa umetulia hata kidogo. Ulikuwa unashindwa.

Huu ni mwaka wa tatu. Mlango niliusugua kwa maji na sabuni, kisha nikaupaka rangi. Lakini mke wangu anasema nahesabu usingizini, kwa sauti ya chini, bila kukosea. Nikifika thelathini na nane nanyamaza, naye anabaki macho akingoja niendelee. Kuna asubuhi nimejikuta nimesimama kando ya kitanda cha Kobe, saa mkononi, sikumbuki nilivyofika. Naogopa. Naogopa chumba kile na siwezi kukiacha.

Sasa kitinda mimba wetu, binti wa miaka kumi na saba, amechaguliwa kwenye timu ya riadha, na kocha wao anataka mapigo ya asubuhi ya kila mkimbiaji.

"Baba, nipimie."

"Mwambie mama yako."

"Mama anatetemeka, anapoteza hesabu."

Nikajikaza. Wiki ya kwanza arobaini na sita. Wiki ya pili arobaini na mbili. Nikajiambia hata thelathini na tisa si neno. Kisha, jana alfajiri, nikakaa kitandani pake, nikahesabu. Kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ndefu, na katika nafasi ile nilihisi mtu amesimama nyuma yangu. Nilisikia harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile aliyokuwa anajipaka Kobe magotini. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka sitaona mtu, na hilo lilinitisha kuliko kumwona.

"Ngapi, Baba?"

Thelathini na nane. Badala ya kuitaja, nikatia saa mfukoni.

"Vaa. Tunakwenda hospitali."

"Leo? Na mchujo ni kesho! Wakinikataza kukimbia je?"

"Utanichukia ukiwa hai. Ukipanda ngazi unaona giza?"

"Hapana."

"Usinifiche, mwanangu."

"Sikufichi." Akavuta mkono wake. "Baba, mimi si yeye."

Tuliondoka bila chai.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, mwenye miwani na heshima zake. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwaga yote mpaka ya bafuni. Hakunikatiza. Akamlaza binti yangu, akambandika nyaya kifuani, mashine ikatema ukanda wa karatasi. Kisha akampandisha ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, akampima tena. Mapigo yalikuwa yamepanda hadi mia na sitini, yakashuka tukiyatazama.

"Moyo mzima huu, mzee wangu," akasema. "Mdogo wangu ana mazoezi, basi. Mwache akimbie."

Binti akaruka juu, akanikumbatia mpaka kofia ikanidondoka. Nililia, sioni aibu kusema. Miaka mitatu sikuwahi kupumua hivyo.

Kisha nikauliza. Laiti ningenyamaza.

"Na moyo ungekuwa mgonjwa, karatasi hii ingeonyesha?"

"Kama ule ulionisimulia, karibu kwa hakika. Sehemu ya juu ya moyo inapiga kivyake na ya chini kivyake. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaona."

"Mashine hii mmeipata lini?"

"Mimi niliikuta, na nina mwaka wa sita hapa."

"Kumpima mtu ni muda gani?"

"Ah, dakika tano tu. Ukija asubuhi hata foleni hakuna."

Alisema kwa upole, akidhani ananitoa wasiwasi. Nikamshukuru. Mpaka dakika ile nilikuwa nimejiambia kwamba mwanangu alichukuliwa na kitu ambacho hakuna binadamu angekiona.

Binti alikuwa ameshatoka nje, akiningoja kwa furaha. Akanivuta mkono, akisema tuwahi, mama ana wasiwasi. Tulirudi kwa miguu, kwa mwendo wa kizee, na hata jasho halikututoka. Hospitali iko karibu kiasi hicho.