Mkaguzi na Mwoka Mikate

Katika karakana ile ya sare za shule, msomaji hashoni. Ndiyo kanuni waliyojiwekea. Kila siku baada ya chakula cha mchana mmoja wao hukaa kwenye kiti cha dirishani na kitabu, na wenzake hugawana vipande vyake. Zamu nyingi zilimwangukia mpiga vifungo, mwanamke wa sauti iliyonyooka, ambaye wote walimwita Redio.

Wiki hiyo Redio alikuwa akisoma rundo la karatasi zilizopigwa chapa, zisizo na jina la mwandishi. Mwenzao waliyemwita Sindano ndiye aliyezileta.

"Nimepewa na mtu," alisema Jumatatu, macho kwenye cherehani. "Hata mimi sijaisoma."

Sindano alikuwa mdogo kuliko wote, mwembamba, ulimi mkali, na kazi yake ilikuwa kupachika mikono ya mashati. Hakuna aliyejua kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, kwamba riwaya ile ilimlia miaka miwili, na kwamba mchapishaji anaingoja Ijumaa. Kabla hajaipeleka alitaka kujua jambo moja tu: kitabu kimesimama au kimelala?

Hakuhitaji kuuliza. Cherehani zilimwambia. Hadithi ikinoga, miguu ilisahau makanyagio na chumba kikatulia. Ikichosha, cherehani zilikimbia kama zimefukuzwa.

Jumatatu ilikuwa tamu. Humo kitabuni mwoka mikate na mkaguzi wa afya walichukiana kisawasawa. Mkaguzi alilifunga duka kwa sababu ya mende mmoja. Mwoka mikate akamtumia mende huyo ofisini, ndani ya bahasha, na salamu. Karakana ilicheka mpaka fundi wa kola akapaliwa. Mama Mkasi, mkataji na mkubwa wao, ambaye hakuwahi kusimamisha kazi hata kwa jino bovu, alisimama mkasi ukiwa umekula nusu ya kitambaa. Sindano aliinama ili wasione meno yake yote thelathini na mawili.

Jumanne duka lilikuwa limefunguliwa, na mkaguzi akawa anapita kila asubuhi kulikagua. Akingoja tanuri lipate moto, alikaa juu ya gunia la unga na kumsomea mwoka mikate gazeti, kwa kuwa mikono ya mwenzake ilikuwa na unga. Kurasa sita tu. Hakuna cherehani iliyolia.

Leo, Jumatano, ikaja sura ya kumi na tano. Redio alivaa sauti yake ya mapenzi. "'Nimekupenda tangu siku ile ya kwanza,' mkaguzi akasema, mvua ikimtiririka mashavuni..."

Fundi wa kola akakanyaga. Mshona mifuko akafuata. Busu halijakamilika, karakana ikanguruma kama siku ya kumalizia oda.

"Hebu ngoja," Mama Mkasi akasema. "Siku ya kwanza ipi? Ile ya mende?"

Wakaangua kicheko.

"Mapenzi hayana saa, mama," fundi wa kola akasema. "Waache wabusiane, wamesubiri sana."

"Wamesubiri wapi? Jana wanasomeana gazeti, leo midomo hii hapa! Na gazeti limekwenda wapi? Bwana amefunga riziki ya mtu, hajasema hata samahani, anapewa busu."

"Lakini anajua kuandika, jamani," Redio akasema. "Lile fungu la unga uliokandwa unaopumua chini ya kitambaa, mimi nimelirudia nyumbani kwa sauti."

Sindano alisikia sifa na kisu katika pumzi moja. Ulimi ukamtoroka.

"Ataomba radhi! Sura ya ishirini, mbele ya wateja wote, tena—"

Akakatiza. Amechelewa. Redio alipima kwa kidole unene wa karatasi ambazo hazijafunguliwa.

"Si ulisema hujaisoma?"

Cherehani zote zikanyamaza. Mama Mkasi akaja taratibu, akaliinua shati lililokuwa mbele ya Sindano. Mkono wa kulia ulikuwa umepachikwa kushoto. Kwa miaka mitatu Sindano hakuwahi kufanya kosa hilo.

"Ni yangu," Sindano akasema, kidevu juu. "Kila neno."

"Wee!" Redio akaruka. "Nasoma kitabu cha mtu wa hapahapa, na huniambii, shoga? Ningejipamba!"

Walimkumbatia, wakamkung'uta mgongo, wakamwita mwandishi kwa sauti ya mzaha iliyojaa heshima. Mama Mkasi peke yake hakucheka.

"Mwanangu, nimejivunia wewe kabla hujamaliza kusema. Kwa hiyo nakwambia kweli. Urafiki wao umeufanya bandi, uzi wa muda tu. Umeshikizia nguo, mapenzi yalipofika ukauvuta ukautupa. Ule ndio mshono wenyewe. Mkono unashikwa na nini sasa?"

Sindano alikuwa na majibu kumi, yote makali. Lakini cherehani zilishasema, na mvua ile yeye mwenyewe aliiandika kwa sababu watu hupenda mvua. Gazeti aliliandika kwa sababu alilipenda.

Alizichukua karatasi, akaokota chaki, akapiga mstari mnene juu ya sura ya kumi na tano.

"Mchapishaji atangoja," akasema. "Nitamwambia kazi nzuri inafumuliwa."

Alipokaa kulifumua na lile shati, Mama Mkasi akamnyang'anya.

"Msomaji hashoni. Nenda kitini. Tueleze ilivyokuwa."

"Sijaiandika bado, mama."

"Kwani tumekuomba karatasi?"

Sindano akakaa dirishani, mikono mitupu. Akavuta pumzi.

"Asubuhi iliyofuata mkaguzi alikuja bila gazeti. Alikaa juu ya gunia lake, akatoa mfukoni ile amri ya kufunga duka, aliyoiandika kwa mkono wake. 'Leo nitakusomea hii,' akasema. 'Nikimaliza, unifukuze ukitaka.' Akaanza kusoma. Kwenye mstari wa pili sauti ikamkatika..."

Hakuna mguu uliogusa kanyagio. Mama Mkasi alikuwa ameufungua mkasi wake juu ya kitambaa, na hakuufunga.