Bomba la Sufu

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Bi Sindano alivua viatu, akapanda kingazi cha daraja tatu na kuzamisha mkono hadi begani kwenye tangi la samaki la Idara ya Maji. Tangi lenyewe lilikuwa na ukubwa wa chumba cha kulala, limewekwa ukumbini ili wageni wasichoke kusubiri. Kazi yake ilikuwa kupangusa ukijani kwenye vioo, kung'oa majani yaliyooza na kuondoa theluthi moja ya maji. Aliyaondoa kwa mpira: unatumbukiza ncha moja, unafyonza nyingine kwa mdomo mpaka maji yafike, kisha unayaacha yateremke yenyewe kwenye mfereji wa nje. Yaliyopungua yalijazwa na koki yenye boya, na koki hiyo haikuwahi kukauka hata siku moja.

Idara ilikuwa kilimani. Bondeni, mtaani alikokaa Bi Sindano na mama yake mzazi, hapakuwa na bomba. Mtaa wao ulikuwa wa kwanza kwenye orodha ya mitaa inayosubiri, na ulikuwa wa kwanza kwa miaka tisa. Mhandisi mwenye orodha alipita mbele ya tangi kila asubuhi, naye Bi Sindano alimuuliza kila Ijumaa.

"Injinia, habari za bomba letu?"

"Bado mko wa kwanza, dada. Hakuna aliyewapita."

Mama yake alikuwa amekula chumvi nyingi, na duniani alikuwa amebakiza hamu moja tu: kuoga kwa maji yanayotiririka. Alichoka na kopo. Alichoka kujipaka sabuni mwili mzima halafu kugundua kwamba maji yaliyobaki ndooni yanatosha mguu mmoja. "Siku nikifa mtaniosha kwa maji tele," alisema, "na mimi ndiyo siku hiyo sina habari." Bi Sindano alimcheka, kisha akaenda jikoni akalia, maana yeye ndiye aliyemwaga madumu na madumu ya maji mferejini kila wiki kwa mikono yake mwenyewe.

Jina la Bi Sindano lilitokana na sindano za kufumia, ambazo hazikutoka mkononi mwake ila wakati wa kula na wakati wa kuzamisha mkono tangini. Ijumaa moja alikuwa amekaa juu ya kingazi akimalizia mfuko wa sufu wa kuwekea vitunguu, mfuko ukamponyoka ukatumbukia. Alipouvuta kwa vishikio ulikuja umejaa maji pomoni, hauvuji hata tone, na ndani yake samaki mdogo mwenye mkia mwekundu akizunguka. Bi Sindano alimrudisha samaki, akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba ya kiatu, akateremka nao bondeni.

Mama yake aliupokea, akaupapasa chini. Ulikuwa mkavu.

"Umefuma vizuri," alisema. "Sasa vitunguu nitaweka wapi?"

Katika mji huo kulikuwa na Chama cha Wafuga Samaki wa Mapambo, naye Bi Sindano alikuwa mwanachama kwa ajili ya tangi lile. Chama hicho kilikuwa na Jumapili moja kwa mwaka iitwayo Jumapili ya Mengineyo. Siku hiyo kila mwanachama alileta kile anachokifanya akiwa mbali na tangi lake, na ilikuwa marufuku kutaja samaki, tangi au chochote kinachohusu samaki. Aliyetaja alifagia ukumbi. Kanuni hiyo ilitungwa na wake na waume za wanachama, baada ya miaka mingi ya kusikia habari za mapezi mezani.

Mwaka huo mwenyekiti, daktari wa meno, alileta ndege wa mti aliowachonga kwa vifaa vyake vya kazini. Mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye raha yake ilikuwa kutembea akihesabu hatua, alisoma daftari lake lenye hatua za kutoka kila mlango wa mji hadi mwingine. Mpishi wa hoteli alipiga kodiani. Bi Sindano alisimama na mfuko wake, akaumiminia maji kutoka kwenye jagi, akauning'iniza kwenye msumari. Wanachama waliuangalia kwa makini, kwa kuwa ni watu waliozoea kuangalia maji.

"Hiyo ni sufu ya kawaida?" aliuliza mpishi.

"Ya kawaida. Kinachotakiwa ni kufuma ukiwa na hasira, lakini mkono uwe mpole."

"Na ukifuma kitu kirefu?"

"Hicho ndicho kilichonileta. Nataka kufuma bomba. Nilitoe kwenye tangi la ofisini mpaka uani kwa mama yangu."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko, kwa sababu alikuwa ametaja tangi. Mwenyekiti akampa ufagio. Bi Sindano alieleza mpango wote akifagia, tangu safu ya mbele hadi mlangoni, na alipofika mlangoni watu wote walikuwa wameshaomba sindano.

Mwalimu alifungua daftari: hatua elfu moja, mia moja na arobaini. Kwa wiki tano wanachama walifuma kila walipopata nafasi. Daktari alifuma kati ya mgonjwa na mgonjwa, na wagonjwa walisema mkono wake siku hizo ulikuwa mpole kweli. Mpishi hakuweza kufuma hata kitanzi kimoja. Hasira alikuwa nazo, upole ulimshinda. Basi alipewa kazi ya kupiga kodiani ili wenzake wasilale. Vipande vilivyovuja vilifumuliwa na kuanzwa upya bila maneno mengi. Jumamosi ya mwisho Bi Sindano aliviunga vyote, akafuma na kofia ya wavu ya kuziba ncha ya juu ili samaki wasije wakahamia bondeni.

Jumapili asubuhi walilipeleka bomba. Lilikuwa la rangi saba, maana kila mtu alitumia uzi aliokuwa nao nyumbani. Mlinzi wa Idara aliwasimamisha.

"Hii ni nini?"

"Kazi ya mkono," alisema Bi Sindano.

"Sawa. Ila msinizibie mlango." Akawasogezea zulia la kufutia miguu lilifunike, watu wasijikwae.

Lilishuka ngazi za Idara, likapita ukutani kwa kinyozi, likakatiza kiwanja cha mpira nyuma ya goli, likaingia bondeni. Mtaa mzima ulikuwa uani kwa mama yake na ndoo. Daktari alichomeka kwenye ncha ya chini mdomo wa mti aliouchonga mwenyewe, akasema kazi iliyobaki ni ya kufyonza tu, jambo ambalo kila mfuga samaki analijua tangu siku ya kwanza.

Akafyonza yeye. Akawa mwekundu wa macho, akakaa chini. Akafyonza mpishi, mtu wa kifua kipana, akapata upepo wenye harufu ya sufu. Mwalimu alisema kwa hatua zote hizo mapafu yake hayana nauli.

"Nipeni," alisema mama yake Bi Sindano.

"Mama, wewe huna hata jino," alisema binti.

"Ndiyo maana."

Kweli meno yote alikuwa ameyang'oa daktari huyohuyo, mmoja baada ya mwingine, na ule mdomo wa mti ulikaa kwenye fizi zake sawasawa. Mashavu yake yakazama. Mpishi alipiga wimbo mmoja hadi mwisho, akaurudia. Katikati ya marudio, bomba lilinyooka ukutani kwa kinyozi, likatikisika kiwanjani, likajaa nyuma ya goli. Mama akautoa mdomo wa mti kinywani, na maji yakaruka kifuani kwake.

Mtaa ulipiga vigelegele hadi ng'ambo ya bonde. Watu walikumbatiana na watu waliokuwa hawasalimiani. Bi Sindano alisimama katikati ya matope, analia na kucheka kwa pamoja, wala hakujifuta.

"Jamani, msiyaguse!" alipaza sauti mwenyekiti, akiwa ametandaza mikono. "Yalale siku moja kwanza, dawa itoke, ndipo myatumie!"

Watu wenye ndoo walimtazama.

"Daktari," alisema Bi Sindano, "hawa si samaki."

Akaomba radhi. Ya kunywa yakachemshwa, kwa mengine watu wakafua nguo, na tangi la Idara halikupungua hata kidole, maana koki ya boya ilifanya kazi yake kama kawaida. Jioni ncha ya bomba ikaingizwa kwenye bafu la uani.

Jumatatu asubuhi mhandisi alikuja na faili chini ya kwapa. Alilikagua bomba, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaandika: *mtaa una maji*. Kisha akaukata mtaa kwenye orodha.

"Na bomba la chuma, injinia?" aliuliza Bi Sindano.

"La nini tena, dada, na maji yapo?"

"Na ile mitaa kumi na mitatu iliyokuwa nyuma yetu?"

"Tumeiandikia barua leo. Tumeishauri ijifunze kufuma." Akafunga faili. "Naomba tu nione maji yanavyotoka bafuni, nijaze fomu ya mwisho."

Bafu lilikuwa limefungwa kwa ndani tangu alfajiri. Bi Sindano akagonga mlango.

"Nani huyo?" iliuliza sauti ya mama yake, juu ya mlio wa maji.

"Ni injinia, mama. Anataka kuingia mara moja."

"Mwambie asubiri. Mimi nimesubiri miaka tisa, na bado sijafika mgongoni."

Mhandisi akatafuta kigoda, akakaa.