Vifungo vya Mzee Nne

Maswali, binti wa utafiti wa hospitali, alipopiga simu kuomba siku ya kuja, Mama Pasi hakumwuliza anakuja kufanya nini. Alijua. Fundi ameshazikwa, na watu wa utafiti wana maswali ya marehemu kama walivyokuwa na maswali ya aliye hai. Akasema njoo Jumanne. Alipokata simu akabaki amekaa kitandani, upande wa Fundi, akiliandaa swali lake mwenyewe. Lilikuwa moja tu. Kama ningesema kweli siku ile, mume wangu angekuwa hai?

Wifi yake, ambaye tangu msiba alikuwa hajarudi kwake, alimkuta hapo hapo.

"Nani huyo?"

"Yule binti wa hospitali."

"Anafuata nini tena? Mtu keshakwenda. Au wanataka kumpima presha kaburini?"

"Wifi, niache."

"Nimekuacha. Mimi nasema tu. Kaka yangu anapaliwa na maji ya kunywa mbele ya macho yako, halafu unawaambia watu yuko fiti."

Mtu akikuchoma penye kidonda, unabaki kushika kidonda.

Jina la Mama Pasi alilipata dukani kwao. Fundi alikata na kushona, yeye akanyoosha, na hakuna nguo iliyotoka mle bila kupita chini ya pasi yake. Kiharusi kilimkuta Fundi kwenye cherehani, suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja. Mkono wa kulia ulishuka ukaning'inia kama wa koti lililotundikwa, mdomo ukahamia upande, na miguu ikaendelea kukanyaga cherehani kwa muda, uzi ukishona hewa.

Hospitalini ndiko walikokutana na utafiti. Kila mtu wa wilaya ile aliyepata kiharusi au ugonjwa wa moyo alifuatiliwa hadi nyumbani, ijulikane nani anapona, nani anarudiwa na nani anakufa. Kwa upande wa kiharusi, kila mgonjwa alipewa namba. Sifuri ni mzima kabisa. Moja ana dalili ndogo ndogo lakini anafanya shughuli zake zote. Nne hatembei wala hajihudumii bila kushikwa. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, akasema "Huyu nne," akahamia kitanda cha pili.

Ulimi wa Fundi ulikuwa mzito, masikio yalikuwa palepale.

"Nne ya nini?" akauliza.

Aliyebaki kumweleza alikuwa msichana mwembamba mwenye kishikwambi kifuani, kazi yake kuuliza. Alimpangia namba zote, akaishia tano.

"Haziendi mbele?"

"Kuna sita, mzee."

"Sita ndiyo nani?"

Msichana akatazama sakafu. "Sita ni aliyefariki."

Fundi akawaza kidogo. "Basi nimeshapita nusu ya safari, na nauli sijalipa." Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Mumeo ana namba kama basi. Kuanzia leo niite Mzee Nne. Na huyu binti ni Maswali."

Mama Pasi alicheka huku machozi yakimwingia mdomoni.

Waliporudi nyumbani Fundi alikuwa na jambo moja kichwani: kushuka hadi moja. Alijifunza kutembea akishika meza, kisha ukuta, kisha bega la mkewe. Maswali alipokuja mara ya kwanza alimwandika tatu, akaacha kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa ya wote wa kuanzia tatu kwenda juu. Mwenye kadi alipimwa presha kila mwezi, akafanyishwa mazoezi, na akatazamwa anavyomeza chakula. Mama Pasi aliitunza kadi ile kama cheti cha ndoa. Fundi hakutaka hata kuiona.

"Kadi wape wagonjwa," alisema.

Vifungo vya shati ndivyo vilivyomshinda. Mtu aliyetoboa matundu ya vifungo maisha yake yote alisimama asubuhi moja mbele ya kioo, mkono wa kushoto ukihangaika na kifungo kimoja hadi chai ikapoa, kisha akalikamata shati akalipasua toka juu hadi chini. Mama Pasi aliokota vifungo chini ya kitanda.

Jioni Fundi akamkalisha mkewe kwenye cherehani. Miaka yote ile hakuwahi kumruhusu aikanyage.

"Shona hapo. Hapana, chini yake. Mama Pasi, unashona au unachimba mihogo?"

"Njoo ushone wewe basi."

"Ningeweza ningekubembeleza?"

Alikuwa amebuni kitu. Vifungo vya kawaida vilishonewa juu ya matundu yaliyozibwa, vya kutazamwa tu. Chini yake, mahali pasipoonekana, kulikuwa na vile vya chuma vya kubana. Unagandamiza kwa kiganja, vinashikana, vinalia tap. Mkono mmoja unatosha.

"Huu ni udanganyifu," Mama Pasi alisema, akikata uzi kwa meno.

"Huu ni ufundi."

Akalivaa. Tap, tap, tap, mpaka chini. Akajitazama kwenye kioo, akamtazama mkewe kupitia kioo, na Mama Pasi akamwona yule kijana aliyempima kiuno kwa futi miaka mingi iliyopita akakosea makusudi ili apime tena.

Mwaka ulipotimia tangu kiharusi, Maswali alirudi. Ilikuwa desturi ya kazi yao: mgonjwa anaonyesha anachoweza, na anayemtunza anajibu yaliyobaki. Fundi alimpokea mlangoni kwa miguu yake, shati likiwa wazi.

"Anakula mwenyewe?"

"Mwenyewe," Mama Pasi alisema.

"Anaoga mwenyewe?"

"Mwenyewe." Alimwogesha asubuhi ile ile.

"Anapaliwa akila au akinywa?"

Alipaliwa kila siku. Mama Pasi akamtazama mumewe, na Fundi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyesimama ukingoni, anangoja kuona kama atashikwa au ataachwa aanguke.

"Hapaliwi," akasema.

"Mzee, naomba ufunge shati nikuone."

Tap. Tap. Tap. Mlio ulijaa mle ndani. Maswali aliinamisha kichwa juu ya kishikwambi, akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nimepata ngapi?"

"Siruhusiwi kusema, mzee."

"Wewe binti! Mtu kakuvalia shati jipya."

Maswali akatazama mlango. Kisha akainua kidole kimoja, haraka, akakishusha.

Fundi alilia kama mtoto aliyepatikana. Wiki nzima, aliyepita nje na kumwita Mzee Nne alikosolewa. "Moja! Nimepanda cheo!" Kinyozi wa jirani akamjibu, "Wewe ndiye mtu wa kwanza kupanda cheo kwa kushuka." Fundi akacheka hadi akapaliwa.

Kadi ikakoma siku ile aliyoandikwa moja. Presha haikupimwa tena. Mvua zilipoisha, asubuhi, akiwa na kikombe mkononi, uso wake ulihamia upande kwa mara ya pili, na safari hii haukurudi.

Jumanne ilipofika, Maswali aliketi kwenye kiti kilekile. Wifi alikaa kwenye kochi mikono kifuani, kama mlinzi.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Uliza."

Akauliza. Kichwa kilimuuma kabla? Mdomo ulipinda upande gani? Aliongea? Aliweza kumeza? Kifua kilibana? Mama Pasi alijibu yote, sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza, na kila jibu la kweli lilimkumbusha la uongo. Mwisho akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na shati. Akaliweka mapajani mwa msichana.

"Bonyeza hapo."

Maswali hakubonyeza. Akalipitishia mkono tu.

"Sasa na mimi nina swali langu," Mama Pasi alisema. "Sikukuambia kweli. Nilimvalisha, nilimwogesha, na maji yalimpalia. Ningesema hayo, angebaki na kadi. Angebaki na kadi, angekuwa hai?"

Wifi akashusha mikono.

"Mama," Maswali akaanza, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini. "Sisi tunafuatilia watu wengi sana. Ninaweza kukuambia katika watu mia kama yeye ni wangapi hurudiwa, na wakihudhuria kliniki ni wangapi wanaokoka. Lakini yeye angekuwa kati ya wepi, hilo hesabu haisemi."

"Sikukuuliza watu mia. Mimi nilikuwa na mmoja."

Sauti ya kazini ikamwisha Maswali. Alilikamata shati kwa mikono miwili.

"Nilisikia," akasema. "Siku ile. Mama yangu pia alishona. Najua kifungo cha kubana kinavyolia."

"Ulijua?"

"Tunafundishwa tuandike tunachokiona. Nikajiambia, nimeona mtu amefunga shati mwenyewe. Na yeye alikuwa ananitazama, mama. Ulimwona alivyokuwa ananitazama."

"Nilimwona."

"Swali lako ndilo ninalolala nalo. Ningekuwa na jibu ningekuletea kabla hujaniuliza."

Wakakaa hivyo, wanawake wawili walioshindwa kumnyima mtu mmoja kitu kimoja. Wifi aliinuka, na Mama Pasi akajikaza kupokea neno lake. Wifi alikwenda tu kuleta maji, akawawekea wote wawili mbele yao.

"Ile moja, inafutika?" Mama Pasi akauliza baadaye.

"Imefungwa. Ila kuna sehemu ya maelezo, ninaweza kuandika chochote."

Mama Pasi alifikiri sana. Akiinyamazia, Fundi atabaki moja milele huko kwenye hesabu zao, mtu mzima aliyekufa ghafla, na wasomi wataumiza vichwa kwa nini. Na pengine mzee mwingine, mwenye mke mwingine, ataambiwa kwa sababu hiyo kwamba wa namba moja hana haja ya kuangaliwa.

"Andika," akasema. "Alikuwa anapaliwa. Alikuwa anaogeshwa. Vifungo vilikuwa vya kubana, amevibuni yeye, nimevishona mimi." Akaligusa shati. "Andika na kwamba alivifunga mwenyewe. Hilo si uongo."

"Si uongo, mama."

Akaandika. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kioo cha kishikwambi, mahali pa namba. Alikuwa hawezi kuuliza, na Mama Pasi akamwonea huruma.

"Sita," akasema. Tangu mazishi hakuwa amekitamka kifo cha Fundi kwa neno lolote.

Msichana alipoondoka, wifi aliuliza taratibu, "Ndiyo kusema nini sasa?"

"Hajui kama angekuwa hai. Hakuna anayejua."

Mama Pasi akawasha pasi. Alilinyoosha lile shati, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, jinsi alivyolinyoosha kila mara Fundi akisubiri kifua wazi nyuma yake. Akalitundika kwenye kiango, akalifunga kwa kiganja cha kushoto. Tap. Tap. Tap. Alipofika chini alingoja, mkono ungali kwenye kifungo cha mwisho, na hakuna aliyeuliza amepata ngapi.