Sura ya Priscille

Katika vitabu vya Fiacre hakuna mtoto anayekutazama. Fungua chochote utakacho: mtoto anachota maji, anafukuza mbuzi, anashuka Tchomia, ziwani, na mama yake kununua samaki wa moshi, na wote wamekupa mgongo. Bwana mmoja kutoka Kinshasa aliwahi kuviinua vitabu hivyo mbele ya watu, akasema huo ni ushairi. Fiacre akatabasamu na kupokea makofi. Ushairi gani! Ulikuwa woga tu, na mwenyewe alijua.

Mwanzoni alichora sura kama wachoraji wote. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha kuchekesha, habari za msichana mwizi wa ndizi, na shule moja ya mtaa wa Lumumba ikakichukua. Juma halijaisha, wazazi hao mlangoni. Wa kabila moja walisema pua ya mwizi ni pua yetu, ametutukana. Wa kabila jingine wakasema mwizi amechorwa mzuri hivyo kwa sababu mwandishi anawapenda wale. Katoni nzima ikarudishwa nyumbani kwake, mtaa wa Saio, na mtu akaandika ukutani kwa makaa maneno ambayo mkewe aliyafuta kabla yeye hajayasoma. Hapa Ituri watu wameuawa kwa sababu ya pua. Fiacre alikuwa na mke na watoto, basi akawageuza watoto wote wa vitabuni, na tangu hapo hakuna aliyemgombeza.

Kila Alhamisi alikwenda pembeni ya mji, kwenye kambi ya watu waliokimbia vijiji vya Djugu, kuwasomea watoto. Huko ndiko alikompata Priscille, msichana wa miaka minane aliyeweza kusimama bila kutikisika nusu saa nzima. Kwa mchoraji, mtoto kama huyo ni zawadi. «Simama pale, geuka,» anamwambia, na Priscille anageuka, naye anachora. Miezi saba walifanya hivyo. Siku moja, akiwa amegeuka vilevile, Priscille akauliza:

«Papa Fiacre, batoto ba mu kitabu banatupatia mugongo juu ya nini? Siye tulibafanyia nini?»

Fiacre alicheka, na ninamlaumu kwa kicheko kile mpaka leo. «Banaangalia mbali, mama,» akamjibu.

«Basi unichore miye, niko naangalia hapa. Mara moja tu.»

«Semaine inakuja.»

Ilikuwa kazi ya karatasi moja na dakika kumi. Lakini alijijua: akiichora ile sura ataipenda, akiipenda ataiweka kitabuni, na ikiingia kitabuni yataanza yale yale. Wiki hiyo ikaja, akasema inayofuata. Kisha akakaa nyumbani wiki tatu kumalizia kitabu kipya. Katika wiki hizo surua ikaingia kambini, ikachukua watoto tisa, na Priscille akawa mmoja wao.

Mama yake ndiye aliyeileta habari hiyo. Alifika Saio kwa miguu, jua la saa sita, na Divine, mdogo wake Priscille wa miaka minne, mgongoni. Alipokwisha kulia, na Fiacre alipokwisha kusema yale yanayosemwa, akaeleza kilichomleta.

«Simu iliungua na nyumba, photo haiko hata moja. Lakini weye ulimuchora sana, Papa Fiacre. Unipatie moja yenye sura yake.»

Fiacre akaleta bahasha yake kubwa. Mlikuwa na michoro kumi na mmoja, yote ya Priscille. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akautazama wa kwanza, akaugeuza upande wa pili kuona sura ya mtoto wake kwa huko. Karatasi ilikuwa nyeupe. Akachukua wa pili, akaugeuza. Aligeuza yote kumi na mmoja, pole pole, na Fiacre alitamani ardhi ipasuke immeze.

«Sura iko wapi?»

«Ngoja, Mama Priscille. Ninaichora sasa hivi.»

Akakaa, akashika kalamu, na hakuna kilichokuja. Shingo aliijua. Aliijua mistari ya nywele zake zilizosukwa, na bega la kushoto lililoshuka kidogo. Mbele hakukuwa na kitu. Alikuwa amejifundisha kutoangalia sura za watoto, na alikuwa amejifundisha vizuri.

«Macho yake ilikuwa namna gani?»

«Ilikuwa...» Mama akaanza tena. «Ilikuwa macho ya Priscille.»

Basi mkono ukachora ulichokizoea kabla ya woga: mtoto mzuri, mashavu ya kujaa, tabasamu la vitabuni. Ilikuwa kazi safi. Divine akachungulia.

«Huyu haiko yaya,» akasema, yaani si dada yake.

«Nyamaza,» mama yake akamwambia. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu. «Aksanti, Papa Fiacre. Mungu akubariki.»

Hapo ndipo Fiacre alipotakiwa kusema ukweli, lakini akawasindikiza tu mpaka barabarani.

Ilimchukua miezi minne kupata nguvu ya kurudi kambini. Mchoro ulikuwa umevikwa mfuko wa plastiki na kufungwa kwenye mti wa kibanda chao cha turubai. Divine alimkimbilia, akamvuta mkono.

«Kuya uone yaya yangu!»

«Ni yeye?» Fiacre akauliza.

«Ni yeye! Hauone macho yake?»

Mtoto akaenda zake kucheza. Fiacre akamgeukia mama aliyekuwa akichambua maharage, na safari hii maneno yakatoka.

«Unisamehe, Mama Priscille. Ile sura sikuikumbuka. Niliitunga tu.»

«Najua,» akasema, bila kuinua kichwa. «Nilijua tangu ile siku.»

Akachagua maharage mawili matatu mabovu, akayatupa.

«Lakini sasa nikifunga macho, ni huyu tu anakuja. Ule wangu wa kweli, simuone tena.»