Meno Mapya ya Bibi

Tangu darasa la tano, alipopata mia kwa mia katika sayansi, baba yake alimwita Dokta. Jina likashika. Majirani wakalidaka, muuza duka wa kona akalidaka, hata walimu wa sekondari wakasahau lile la kwenye daftari la mahudhurio. Baba alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifungua milango ya nyuma ya gari lile na kuwaona madaktari wakija mbio, makoti meupe yakipepea, na hakuna alichokitamani kama kumwona binti yake ndani ya koti kama hilo.

Matokeo ya kumaliza sekondari yakatoka, na yalikuwa mazuri. Baba alishindwa kukaa. "Si nilisema? Si nilisema?" alirudia, akiliambia kabati, maana nyumba nzima ilikuwa na watu watatu tu: yeye, Dokta, na Bibi, mama yake baba, aliyemlea msichana tangu mama yake alipofariki.

Wiki iliyofuata baba akamwombea ruhusa akae siku tano katika chumba cha majeruhi, aione kazi kwa macho yake. Hakumaliza hata saa moja. Mwanamke mmoja aliyejikata kiganja alianza kushonwa, na Dokta, aliyekuwa amesimama karibu akijikaza kisabuni, akaona ukuta unainama. Alipozinduka alikuwa amelazwa kwenye benchi, baba yake akimpepea kwa faili la mgonjwa.

"Utazoea," baba alisema. "Wengi huanza hivyo hivyo."

Dokta akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwili wake ulikuwa umeshakataa.

Siku zile zile meno ya bandia ya Bibi yakavunjika. Yalimponyoka akiyasuuza, yakagonga ukingo wa sinki, yakawa vipande viwili. Bibi alikuwa mtu wa maneno, mtu ambaye hata mkusanya taka alisimama kidogo mlangoni kwake apate kichekesho cha siku. Sasa akanyamaza. Akizungumza, ni kiganja mdomoni. Wageni wakibisha hodi, anajifanya amelala.

"Mpeleke karakana ya meno pale hospitali," baba akamwambia Dokta. "Huna kazi nyingine mpaka tujaze fomu ya chuo."

Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya jengo la meno. Rafu zilijaa mataya meupe ya jasi, mamia, yamepangwa mawili mawili kama vikombe. Fundi alikuwa mama wa makamo mwenye aproni iliyoganda nta na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Alichukua umbo la fizi za Bibi, akampangia siku, na mara ya tatu walipokwenda, meno yalikuwa tayari yamechomekwa kwenye nta, ya majaribio tu, kabla ya kutengenezwa yale ya kudumu.

Bibi akayavaa. Akapewa kioo. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Ni mazuri," alisema taratibu. "Lakini huyu ni nani?"

"Yanabana, mama?" fundi akauliza.

"Hayabani. Yamenyooka mno, mwanangu. Nimekuwa kama mtu anayetangaza dawa ya mswaki."

Fundi akacheka, kisha akakuna kichwa. Hakuwahi kumwona Bibi na meno yake ya asili, angejuaje? Dokta naye hakuwahi. Lakini alikuwa na picha ya zamani, ile ya kwenye mkoba wa Bibi, na akaiomba. Ndani yake alikuwamo Bibi wa miaka thelathini, kichwa nyuma, anacheka kwa nguvu zote. Meno mawili ya mbele yalikuwa na mwanya, na jino la pembeni kushoto lilikuwa limepanda kidogo juu ya mwenzake.

"Naweza kujaribu?" Dokta akauliza. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Fundi akamwangalia vidole kwanza, kisha uso. Akamwashia taa ndogo ya moto, akampa kisu chembamba. "Pasha nta, usiichome. Ukikosea, tunapanga upya. Hapa hakuna mtu anayeumia."

Bibi akarudishwa nyumbani na jirani aliyekuwa amewasindikiza. Dokta akabaki. Alisogeza jino, akalitazama, akalirudisha. Alimkumbuka Bibi akisema neno lake la utani kwa muuza duka, jinsi mdomo wa juu unavyoanza kuinuka upande mmoja kabla ya mwingine. Akapunguza ncha ya jino kwa tupa, kidogo tu, kama lilivyopaswa kuwa limelika kwa umri. Fundi alipomgusa bega, saa nne zilikuwa zimepita, na chakula chake kilikuwa bado kimefungwa.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Nimemwangalia tu siku zote."

Kesho yake Bibi akayavaa. Alijitazama, akapitisha ulimi kwenye mwanya, machozi yakamlengalenga, halafu akaangua kicheko mpaka mataya ya jasi yakatetemeka kwenye rafu, au ndivyo fundi alivyoapa.

Wakati wa kuondoka fundi akamshika Dokta mkono. "Kazi hii ina chuo chake. Miaka mitatu. Wanaoijia ni wachache, na wenye jicho kama lako ni wachache zaidi. Fikiria."

Dokta alimkuta baba akiosha gari. Akamweleza yote kwa pumzi moja, kabla woga haujamkamata.

Baba akafunga bomba la maji. "Fundi wa meno? Na watu wote niliowaambia?"

"Baba, damu siiwezi. Nikienda kule nitakuwa daktari mbaya, au nitarudi njiani. Jana nilikaa saa nne na sikuchoka. Haijawahi kunitokea."

Baba hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Kwa siku mbili alikuwa mtu wa salamu tu.

Siku ya tatu, bila kumwambia yeyote, baba akaingia karakana akiwa na sare yake ya kazi. Alitaka kumuuliza fundi maswali makali, na alikuwa ameyapanga. Lakini fundi alikuwa na mteja, mwanamume mpana aliyekuwa akijaribu meno ya mbele mbele ya kioo. Mtu yule akageuka.

"Dereva! Hunikumbuki?"

Baba hakumkumbuka. Ajali ya lori, mtu yule akamwambia, barabara ya machimboni, mwezi wa tatu. "Nilikuwa sina uso. Wewe ndiye uliyekuwa ukinipigia kelele nisilale."

Hapo akamkumbuka. Akavuta kiti.

"Mimi nawashusha mlangoni," alimwambia fundi baadaye, mteja alipokwisha ondoka. "Miaka kumi na tisa. Nani alipona, nani alicheka tena, sijui. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona." Maswali yake yote yalikuwa yamempotea. Likabaki moja. "Binti yangu... anaweza kweli?"

"Anaweza," fundi alisema. "Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kujua la kufanya na picha kama ile ya mama yako."

Alfajiri iliyofuata Dokta aliamka akamkuta baba mezani, ameshavaa, miwani puani, fomu mbele yake. Bibi alikuwa kando yake akimsomea maelekezo kwa sauti ya kutangaza, akikosea makusudi.

"Kaa hapa," baba alisema, akamsogezea kiti na kalamu. Akasoma jina la kozi mara mbili, polepole, mdomo wake ukilizoea. "Andika kwa herufi kubwa. Wasije wakakupeleka kwingine."