Hodi Juu ya Uwanja

Shuka lilipanda, likajaa hewa, likatulia kidogo juu ya vichwa vyao kabla ya kuanza kushuka. Hapo ndipo Kipanga alipopotelea kila siku. Mikono yake ilishika pembe mbili za shuka la wodi, Bibi Pasi akashika mbili nyingine upande wa pili wa meza, lakini macho ya Kipanga yalikuwa mbali kabisa na meza. Aliyaona mawingu kutokea juu, yamelala meupe hadi upeo wa macho, na kivuli cha ndege yake kikiteleza juu yake, kidogo kama inzi juu ya mto wa kulalia.

"Kunja, mwanangu," alisema Bibi Pasi. "Mawingu utayakuta hukohuko ukimaliza."

Chumba cha dobi cha hospitali kilijaa mvuke na harufu ya sabuni tangu asubuhi. Bibi Pasi alikuwa ndiye mwendeshaji wa pasi kubwa ya umeme iliyomeza shuka zima kwa mkupuo mmoja, na jina lake halisi lilishasahauliwa, pengine hata na yeye mwenyewe. Kipanga alikuwa msaidizi wake. Nyuma ya chumba palikuwa na ua wa kuanikia, na nyuma ya ua, ng'ambo ya barabara nyembamba, palikuwa na uwanja mdogo wa ndege. Kila ndege iliyopaa iliyatikisa mashuka kwenye kamba, na kila mara Kipanga aliinua kichwa akaifuata kwa macho mpaka ikamezwa na mbingu.

Maana huyu mkunja shuka alikuwa rubani, tena rubani wa kweli, si wa maneno. Kwao alirusha ndege ya injini moja miaka na miaka, akibeba dawa, madaftari, wagonjwa, waheshimiwa waliotapika ndani ya kofia zao, na safari moja bibi harusi aliyekataa katakata kuliacha kabati lake. Lakini leseni ya kwao, alipoiweka mezani katika nchi hii, ilitazamwa kama ufunguo wa nyumba nyingine: ufunguo mzuri, hauna kasoro, ila mlango huu hauufungui. Ikambidi aanze moja. Akapimwa macho na moyo, akakaa darasani na vijana waliomwita mama, akafanya mitihani yao yote ya kuandika akapasi. Ulibaki mmoja tu, wa kurusha ndege akiwa na mkaguzi pembeni. Kampuni ndogo ya kusafirisha vifurushi na wagonjwa ilikuwa imemwambia bila kumung'unya maneno: ukipasi, kiti ni chako, ukifeli, yupo mwingine anakisubiri.

Msimamizi wa dobi alikuwa dada yake, mkubwa wake kwa kuzaliwa na, kama alivyopenda kusema mwenyewe, mkubwa wake kwa akili pia. Ndiye aliyempokea, akampa chumba, akampa kazi. Jioni ile, Bibi Pasi alipokwenda kubadili nguo, dada alisogea mezani akaanza kunyoosha shuka lililokuwa limeshanyooka.

"Bibi anastaafu," alisema. "Nafasi yake nimekushikia. Wakubwa wanataka jina kesho jioni."

"Kesho nina mtihani, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimewaambia jioni." Akainua macho. "Ni kazi ya kudumu, mdogo wangu. Ina bima, ina likizo. Na pasi, mpaka leo, sijasikia imeanguka kutoka angani."

Kipanga alicheka, ingawa moyo ulimuuma. "Njoo unitazame basi. Si lazima uende mbali. Ukisimama hapo uani utaniona nikipita."

"Mambo ya kutazama ndege niliyaacha kwa baba," dada akasema, akaenda zake.

Kwa baba. Neno hilo lilimrudisha Kipanga kwenye vumbi la kwao. Baba yao alikuwa mlinzi wa kiwanja, kama kile kinaweza kuitwa kiwanja: ardhi ndefu isiyo na miti, mbuzi wakiona ni malisho, watoto wakiona ni uwanja wa mpira, na kina mama wakiona ni mahali pazuri pa kuanika nafaka. Kwa hiyo hakuna rubani aliyetua moja kwa moja. Alishuka kwanza mpaka chini kabisa, akapita juu ya kiwanja na mngurumo wake wote, kisha akapanda tena na kuzunguka. Hilo marubani waliliita kupiga hodi. Baba alitoka mbio, akafukuza mbuzi, akagombana na kina mama, akawazoa watoto, na kiwanja kilipokuwa kitupu, alipunga shuka jeupe. Hiyo ndiyo ilikuwa "karibu" yake. Mkono wake mmoja ulipokufa ganzi, kazi ya kupunga iliwaangukia binti zake wawili, huyu pembe zake, yule pembe zake, wakilirusha shuka juu na kulishusha huku wakipiga kelele za furaha.

Dada alikuja huku ughaibuni angali msichana. Kipanga yeye akapanda ndani ya zile ndege. Na siku alipomrudisha baba mwenyewe nyumbani, amelazwa nyuma ya kiti chake ndani ya sanduku, alipiga hodi juu ya kile kiwanja na hakuna aliyepunga. Watu walikuwa wamesimama kando wanalia. Hakuna aliyekumbuka. Alizunguka, akapiga hodi tena, akazunguka, mpaka mafuta yakamlazimisha kutua. Hakuwahi kumsimulia mtu jambo hilo isipokuwa dada, tena kwa simu, na dada akakata.

Kesho yake uwanjani, mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba, mdomoni ana peremende ambayo haikuisha. Alimsalimu kwa adabu, akakaa kiti cha kulia, akafunga mkanda, na tangu hapo akawa kama hayupo. Kipanga alivuta pumzi. Ndege ikakimbia, ikawa nyepesi, ikaiachia ardhi, naye akasikia mwili mzima unalegea kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa.

"Panda," mkaguzi alisema, naye akapanda. "Geuka kushoto." Akageuka. Mkaguzi alimzimia injini kwa makusudi, naye akachagua shamba la kutua, akalielekea bila papara, mpaka mzee akamrudishia injini na kusema, "Hm." Chini yao mji ulikuwa umetandikwa vizuri, mapaa na barabara na bwawa moja linalong'aa. Nuru ilikuwa laini, na mahali palipokuwa na ukungu ilionekana kama dunia imefunikwa shuka ili ipumzike. Kipanga hakujua tena yuko nchi gani. Hewa ilikuwa ileile, usukani ulitetemeka vilevile mkononi, na aliona furaha iliyomtia aibu kidogo, maana alitaka kuimba.

"Sasa tukatue," mkaguzi alisema.

Kipanga akauarifu mnara kwamba anatua, na mnara ukamruhusu. Njia ya kutua ilimjia mbele, nyeusi, imenyooka, mistari yake myeupe imechorwa vizuri. Akashuka. Akashuka zaidi. Magurudumu yalikuwa karibu kabisa kugusa lami, kisha mkono wake, mkono uliofanya hivyo miaka yote, ukasukuma injini ingurume. Akapita juu ya uwanja mzima akiwa chini vile, macho yakitafuta kandokando, kisha akainua pua ya ndege na kupanda.

Sauti ya mnara ikauliza kama kuna tatizo. Ndipo akazinduka.

Mkaguzi aliivaa miwani yake kwa mara ya kwanza. "Umeona ndege wa porini?" aliuliza taratibu. "Wapo hapa. Wakati mwingine na mbwa hukatiza."

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, mbwa, na angesifiwa kwa uangalifu wake. Aliiona kazi ya kampuni, akaiona na pasi ya Bibi Pasi, zote mbili zinamngoja aseme.

"Sijaona kitu," alisema. "Nimepiga hodi."

"Umepiga nini?"

Akamweleza, mbuzi, watoto, nafaka, mzee na shuka lake. "Nilikuwa nangoja nipungiwe," alimaliza. "Ni mazoea. Ni kosa langu."

"Ni kosa," mkaguzi alikubali. Peremende ikagonga meno yake. "Ulisema unatua, hukutua. Hapa hakuna mbuzi, mama. Wala hakuna wa kukupungia. Je, unaweza kutua bila kukaribishwa?"

Kipanga hakujua kama anaweza. Aliuarifu mnara kwamba atazunguka mara moja kisha atue, akageuza ndege, bawa la kushoto likalala, na chini ya bawa lile ukatokea ua wa hospitali. Mashuka yalikuwa kwenye kamba, safu kwa safu, yote yakielekea upande mmoja kama upepo ulivyoyataka. Moja tu halikuwa kwenye kamba. Lilikuwa katikati ya ua, likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na chini yake palikuwa na mtu mmoja, mdogo kama punje.

Machozi yalimtoka bila hodi.

"Mama?" mkaguzi aliita.

"Natua," Kipanga alisema.

Akatua. Magurudumu yaligusa lami kwa upole hivi kwamba mzee alitazama nje kuhakikisha. Kipanga akaipeleka ndege kwenye maegesho, akazima injini.

"Ule mzunguko nitauandika kama ulivyokuwa, kosa," mkaguzi alisema akifungua mkanda. "Kutua nako nitakuandika kama kulivyokuwa. Umepasi." Akatoa peremende nyingine mfukoni, akampa. "Ila hiyo hodi, usiipige ukiwa na abiria."

Kipanga alivuka barabara kwa miguu, peremende ingali ndani ya karatasi yake kiganjani. Bibi Pasi alikuwa ameketi kizingitini, akamtazama usoni, akapiga kigelegele kifupi, kisha akanyoosha kidole uani. Dada alikuwa huko, amempa mgongo, anabandua vibanio kwenye kamba.

"Nimepasi, dada."

"Nimesikia mlio wako. Umetikisa vioo vya wodi nzima, wagonjwa wanauliza kuna nini." Hakugeuka. "Basi nitawaambia wakubwa watafute mtu mwingine."

Pembeni mwake palikuwa na beseni, na ndani ya beseni shuka moja jeupe lililorudishwa kufuliwa. Pembe zake mbili zilikuwa safi. Mbili nyingine zilikuwa zimeburutwa kwenye udongo, zimeshika majani.

"Nani alikuwa anapunga?" Kipanga aliuliza.

"Upepo."

"Dada."

Dada aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sasa mtu akikupigia hodi," alisema kwa hasira, "unanyamaza?"

Dada alivuta kamasi, akainama, akaliokota lile shuka, akamtupia upande mmoja.

"Shika huko," alisema. "Lile la baba nalo lilikuwa zito hivihivi."